Bili ya ‘wingu’: Mita isiyokatika yahitaji mlinzi

MKULIMA wa kahawa wa Igurwa, wilayani Karagwe, hahitaji kufundishwa maana ya butura. Ni kuuza kahawa ikingali ua mtini, kwa bei anayoitaja mwenye fedha, kwa sababu ada ya shule au gharama ya matibabu haikusubiri mavuno. Siku ya kuchuma ikifika, jasho ni la mkulima na faida ni ya mwingine.

Upo mkataba mwingine unaofanana na butura kwa jambo moja: unautia saini leo, na uzito wake unaujua baadaye. Huo ni mkataba wa kukodi kompyuta za mbali, ambazo wataalamu wamezipa jina la ‘wingu’. Siku ya kwanza bei yake ni senti chache. Mwezi ukiisha inaweza kuwa milioni kadhaa, na aliyetia saini hana wa kumlaumu.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, suala hili si la watu wa Dar es Salaam pekee tena. Minada ya kahawa ya vyama vilivyo chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU) imeingia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Vyama vya ushirika nchini navyo vimeingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kama MUVU. Malipo ya mkulima hupita benki au kwenye simu.

Mifumo hiyo mikubwa ina wenyewe wa kuilipia. Hata hivyo, pembeni yake imezaliwa midogo mingi: programu ya kutunza daftari la wanachama, ya kumtumia mkulima ujumbe akishapima kahawa, ya kuhesabu stoo ya muuza pembejeo, ya kutunza madeni ya duka. Wauzaji wake hubisha hodi kwenye ofisi za vyama vya msingi (AMCOS) na kwenye maduka ya mijini kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Nyuma ya kila programu ipo kompyuta inayokodiwa mahali fulani, na mwisho wa yote anayelipa ni mkulima au mfanyabiashara mdogo.

Wapo walioonja joto la bili hizi mapema, tena hadharani. Hao ni waendeshaji wa huduma za faragha mtandaoni, yaani huduma zinazomwezesha mtu kuwasiliana au kusoma habari bila kufuatiliwa. Nyingi huendeshwa kwa michango, hivyo baadhi yao hulazimika kuweka hesabu zao wazi kwa wachangiaji. Ndani ya hesabu hizo limo funzo ambalo kampuni nyingi za biashara hulificha kabatini.

LUKU isiyokatika

‘Wingu’ si kitu cha angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, umeme na mitambo ya kupooza joto. Wenye majengo hayo wakubwa duniani ni kampuni za Amazon, Microsoft na Google. Vituo vyao vikubwa vilivyo barani Afrika vimefunguliwa Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data (NIDC) jijini Dar es Salaam, na zipo kampuni binafsi zinazokodisha nafasi.

Bei ya wingu huenda kwa kadiri ya matumizi. Unalipia muda ambao kompyuta imekufanyia kazi, nafasi ambayo kumbukumbu zako zimekalia, na mzigo wa data unaotoka kwenda kwa wateja. Mzigo huo hupimwa kwa gigabaiti, kama maharage yanavyopimwa kwa kilo.

Mtu aliyezoea LUKU atasema hilo si jambo geni. Tofauti ipo, na ni kubwa. LUKU unalipa kwanza. Uniti zikiisha, taa inazima. Usumbufu upo, lakini deni halipo. Wingu kwa kawaida ni kama mita za zamani: unatumia mwezi mzima, kisha ankara inakuja. Mashine haikuulizi kama fedha ipo. Wateja wakija mia itawahudumia mia, wakija laki itawahudumia laki, na kila mmoja ataandikwa kwenye bili.

Ndiyo maana biashara ya mtandaoni inaweza kufa kwa kupendwa. Duka la kawaida likipata wateja wengi, kila mteja huacha fedha mezani. Huduma isiyotoza watumiaji ikipata wateja wengi, kila mteja huacha gharama.

Bomba lililonona

Mfano ulio wazi ni wa mtandao wa Tor, unaosimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara ya Marekani. Tor humficha msomaji kwa kuyapitisha mawasiliano yake kwenye kompyuta kadhaa za watu wanaojitolea katika nchi mbalimbali, hata isijulikane nani anasoma nini. Nchi kama China na Iran huufunga. (Kwa hapa Tanzania, wafanyabiashara wanaotumia huduma za kuficha njia za aina ya VPN wanakumbuka kwamba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watoe taarifa za matumizi hayo kabla ya Oktoba 30, 2023.)

Oktoba 2014, Tor iliwapa watumiaji wake wote njia mpya ya kupita vizuizi, iliyoitwa meek. Ilikuwa kama kutia barua ndani ya bahasha yenye anwani ya kampuni kubwa. Mwenye kufunga mtandao aliona mtu anakwenda Google, Amazon au Microsoft, na kuzifunga kampuni hizo ni kuumiza nusu ya biashara ya nchi yake. Bahasha ikifika ndani ya wingu la kampuni husika, barua hutolewa na kupelekwa Tor.

Njia ilifanya kazi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Wakati wa majaribio bili ilikuwa dola chache. Ndani ya miezi michache baada ya kufunguliwa kwa watu wote, ilikuwa mamia ya dola kwa mwezi, na ilizidi kupanda kila watumiaji walipoongezeka. Kila ukurasa uliosomwa na kila picha iliyofunguliwa ilipita katika bomba la kukodi, na bomba lilikuwa na mita.

Waendeshaji walifanya mambo manne ambayo mhasibu yeyote wa chama anaweza kuyaelewa.

Kwanza, walitenga hesabu kwa kila bomba: la Google peke yake, la Amazon peke yake, la Microsoft peke yake, mwezi kwa mwezi, na wakazitangaza. Bili ikipanda, ilijulikana imepandia wapi.

Pili, walipunguza kasi. Mwaka 2015 waliweka kikomo cha mzigo unaoweza kupita kwa sekunde. Haikuwa dawa tamu, kwani kila mtumiaji aliona huduma imekuwa nzito. Lakini kulikuwa na uchaguzi wa aina mbili tu: maji kidogo kwa wote, au bomba kukauka kabisa.

Tatu, waliandika maelekezo ili mwenye uwezo afungue akaunti yake mwenyewe na kulipia matumizi yake, apunguze mzigo kwenye mfuko wa wote.

Nne, walitafuta ruzuku. Upande wa Microsoft ulibebwa mwanzoni na ruzuku ya utafiti. Ruzuku ilipokwisha, bili ilibaki pale pale ikimsubiri mwenyewe. Vyama vingi vya Kagera vilivyowahi kupokea mradi wa mfadhili vinaijua hadithi hiyo: gari linabaki, mafuta yanakosekana.

Duka lisilo na daftari la majina

Swali linaloweza kuulizwa ni hili: kwa nini wasiwatafute wale wachache wanaotumia mno na kuwatoza?

Jibu ni kwamba hawawezi. Huduma ya faragha inayoweka orodha ya nani ametumia nini imekwishaacha kuwa huduma ya faragha. Ni kama muuza duka aliyeapa kutomwandika mteja yeyote jina. Anaweza kujua sukari imepungua gunia moja, lakini hawezi kujua nani amechota. Mlango wa matangazo nao umefungwa kwake, kwa kuwa matangazo ya mtandaoni huuzwa kwa kumjua mteja.

Kinachobaki ni kubana upande wa gharama: kujua kila senti inakwenda wapi, na kuondoa mzigo usio wa lazima. Bila kujali ukubwa, hapo AMCOS na huduma hizi ziko kwenye mtumbwi mmoja. Chama nacho hakiwezi kumtoza mwanachama kila akisoma ujumbe wa bei.

Ujumbe mfupi, gharama ndefu

Huduma nyingine iliyofungua vitabu vyake ni Signal, programu ya ujumbe na simu inayofahamika kwa kutoweka kumbukumbu za mazungumzo. Inaendeshwa na mfuko usio wa kibiashara ulioanzishwa mwaka 2018 kwa dola milioni 50 za Brian Acton, mmoja wa waasisi wa WhatsApp.

Januari 2021, baada ya WhatsApp kutangaza masharti mapya ya faragha, watu kwa mamilioni walihamia Signal. Januari 15 mitambo ilizidiwa na huduma ikasimama.

Novemba 2023, Signal ilitangaza mchanganuo wa gharama zake. Mitambo na mawasiliano pekee yalikuwa yakigharimu takriban dola milioni 14 kwa mwaka. Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola, hizo ni Sh bilioni 35. Mishahara na stahili za watumishi wapatao 50 ilikuwa hesabu nyingine, dola milioni 19.

Kinachoshangaza ni mgawanyo wa hizo milioni 14. Kuhifadhi kumbukumbu, dola milioni 1.3. Kompyuta zenyewe, milioni 2.9. Kusafirisha data, milioni 2.8. Huduma nyinginezo, dola 700,000. Lakini kifungu kilichoongoza kilikuwa dola milioni 6 za kumtumia mtumiaji mpya ule ujumbe mfupi wenye tarakimu za kuthibitisha namba yake ya simu.

Kwa maneno mengine, zaidi ya shilingi 40 katika kila 100 zililiwa na SMS, ujumbe ambao mtu huusoma mara moja na kuusahau. Kampuni za simu katika nchi mbalimbali hutoza bei tofauti kwa ujumbe huo, na nyingine zimepandisha. Wapo pia matapeli wanaoomba maelfu ya tarakimu kwa namba za bandia, kisha wakagawana mapato ya SMS na baadhi ya watoa huduma za simu. Anayelipa ni mwenye programu.

Upande wa simu za sauti na picha, Signal ilieleza kuwa hupitisha takriban gigabaiti milioni 20 kwa mwaka kwa dola milioni 1.7. Ukigawa, ni senti nane na nusu za dola kwa gigabaiti, kama Sh210. Hakuna atakayeiogopa Sh210, lakini ukiizidisha mara milioni 20 inakuwa bajeti ya taasisi nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Hilo huwa kweli kwenye akiba, na kwenye bili pia.

Sehemu ya gharama hiyo Signal iliichagua yenyewe. Mtu asiye katika orodha yako ya majina akikupigia, simu hupitishwa kwenye mashine za Signal ili asiweze kuona anwani ya mtandao ya simu yako. Kuziacha simu mbili ziongee moja kwa moja kungekuwa rahisi zaidi. Wameona ulinzi huo una thamani kuliko fedha inayookolewa. Hivyo ndivyo gharama nzuri inavyofanana: imejulikana, imepimwa na imeamuliwa. Gharama mbaya ni ile ambayo hakuna aliyeiamua.

Sampuli mnadani, magunia ghalani

Tor nao hawakubaki kwenye kubana kasi. Bomba la Google lilisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu za masharti ya mkataba, na Aprili 2018 Google na Amazon ziliufunga mlango uliowezesha mbinu ya bahasha. Ikaonekana kwamba aliyekodisha bomba anaweza kulifunga siku yoyote, hata kwa anayelipa bili zake vizuri.

Njia iliyokuja kubeba mzigo mkubwa inaitwa Snowflake, iliyoingizwa rasmi katika programu ya Tor mwaka 2021. Fikra yake ingeeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria mnada wa kahawa.

Mnadani hupelekwi magunia yote. Hupelekwa sampuli. Wanunuzi wakishaonja na kukubaliana bei, mzigo hutoka ghalani kwenda kwa mnunuzi bila kupitia meza ya mnada. Snowflake hufanya hivyo hivyo. Njia ya gharama, ile ya bahasha, hutumika kwa salamu tu: mtumiaji kuulizia nani anaweza kumsaidia. Akishaunganishwa, mzigo wote hupita katika kompyuta ya mtu aliyejitolea kumgawia kipande cha mtandao wake. Watu hao ni maelfu kwa maelfu, kila mmoja akibeba kidogo.

Vurugu za Iran za mwaka 2022 zilipoongeza watumiaji kwa ghafla, mzigo ulizidi sana. Wahandisi walipata kazi ya kuongeza uwezo, lakini data iliyokuwa ikipita kwa waliojitolea haikuwa ikipimwa kwenye mita ya kampuni ya wingu.

Kiini cha udhibiti wa gharama za wingu kimo humo: tambua kipi lazima kipite kwenye njia ya ghali, kisha vingine vyote viondoe hapo.

Hesabu ya chama cha wanachama 800

Tuchukue mfano wa AMCOS ya kufikirika yenye wanachama 800. Imenunua programu ya kumtumia mwanachama ujumbe kila anapopima kahawa. Tuseme SMS moja ni Sh25 na kila mwanachama hupima mara sita kwa msimu. Ujumbe ni 4,800 na gharama ni Sh120,000. Hakuna mjumbe wa bodi atakayekataa.

Katikati ya msimu anatokea mtu na wazo zuri: wanachama wote watumiwe bei kila siku. Msimu una siku 90. Ujumbe ni 72,000, na gharama ni Sh1,800,000. Ukijumlisha na ule wa mizani, chama kinadaiwa Sh1,920,000.

Kama kilo moja ya kahawa ya maganda ni Sh4,000, hizo ni kilo 480, yaani magunia manane ya kilo 60. Magunia manane yameondoka bila mwizi kuonekana, na kila mjumbe aliyepokea SMS alifurahi.

Sasa tumia akili ya sampuli. Bei itumwe siku inapobadilika tu, tuseme mara 12 kwa msimu. Ujumbe ni 9,600, gharama Sh240,000. Siku nyingine bei ibandikwe kwenye ubao wa ofisi na itangazwe kwenye redio ya jamii. Pamoja na ujumbe wa mizani, ambao ni ushahidi wa mkulima na haufai kuguswa, jumla ni Sh360,000. Ni kilo 90, gunia moja na nusu.

Hakuna mkulima aliyenyimwa habari. Kilichofanyika ni kutenganisha ujumbe ulio stakabadhi na ujumbe ulio tangazo. Wa kwanza unastahili njia ya ghali. Wa pili unaweza kukaa ukutani.

Dola nayo ni mvua

Lipo jambo ambalo mwendesha huduma wa Marekani halioni, lakini wa Karagwe hulala nalo. Bili nyingi za wingu huja kwa dola.

Mapema mwaka 2023 dola moja ilibadilishwa kwa kiasi cha Sh2,300. Katikati ya mwaka 2024, wakati dola ilipoadimika, ilifika karibu Sh2,700. Mwisho wa mwaka huo ilishuka hadi karibu Sh2,400. Aliyekuwa na bili ya dola 100 kwa mwezi aliiona ikitoka Sh230,000 hadi Sh270,000, ilhali hakuongeza mteja hata mmoja.

Muuza kahawa anayelipwa kwa bei inayofuata soko la dunia anaweza kupata ahueni kidogo, maana shilingi ikishuka, kahawa nayo huelekea kupanda kwa shilingi. Muuza duka la pembejeo anayepokea shilingi na kulipa dola hana kinga hiyo. Kwake, mkataba wa shilingi na kampuni ya ndani, hata ukiwa ghali kidogo, unaweza kuwa nafuu kwa mwaka mzima.

Usichotunza hukilipii

Faragha na gharama mara nyingi husemwa kama vitu vinavyovutana. Kwenye kutunza kumbukumbu, vinakwenda pamoja. Signal hulipa kiasi kidogo kwa hifadhi ukilinganisha na ukubwa wake kwa sababu ujumbe ukishamfikia mhusika, haubaki kwenye mitambo yake.

Chama kinachopiga picha kitambulisho cha kila mwanachama, mke au mume, watoto na shamba, kisha kikaacha picha hizo wingu mwaka hadi mwaka, kinalipia pango la mzigo usiouzika. Tena kinajibebesha wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na akusanye kwa lengo lililotajwa tu. Picha isiyo na kazi ni gharama leo na inaweza kuwa kesi kesho.

Maswali kabla ya kalamu

Kabla bodi ya AMCOS au mfanyabiashara hajatia saini mkataba wa programu yoyote, ni vema yafuatayo yajibiwe kwa maandishi.

Kipi kinapimwa? Ni idadi ya watumiaji, ujumbe, nafasi au mzigo wa data? Muuzaji asiyeweza kutaja mita yake, bei yake hajaijua hata yeye.

Kikomo kiko wapi? Mkataba utaje kiasi ambacho bili haiwezi kuvuka bila saini ya watu wawili. Onyo lije matumizi yakifika nusu, tena yakifika robo tatu. Onyo peke yake halitoshi, kwa kuwa king’ora hakizimi moto.

Kikomo kikifikiwa, nini kinasimama? Ujumbe wa mizani usizimike katikati ya msimu kwa sababu matangazo yamemaliza fedha. Kila kazi iwe na mfuko wake.

Nani analipa ruzuku ikiisha? Jibu liwepo tangu siku ya kwanza ya mradi, pamoja na kiasi.

Tukitaka kuhama, daftari letu tunaondoka nalo vipi? Taarifa za wanachama ni mali ya chama. Zitolewe katika mfumo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, na nakala moja ikae ofisini. Oktoba 20, 2025, hitilafu katika kituo cha Amazon nchini Marekani ilisimamisha huduma nyingi duniani kwa wakati mmoja, Signal ikiwamo. Siku kama hiyo ikiangukia siku ya mizani, chama chenye daftari la karatasi kitapima kahawa. Kisicho nalo kitawarudisha wakulima nyumbani na magunia yao.

Mwisho, nani anasoma bili? Si kulipa, bali kusoma, kifungu kwa kifungu, kila mwezi, na kuisomea bodi. Waendeshaji wa Tor na Signal wana wahandisi wa kiwango cha juu duniani, lakini hatua iliyowafungua macho haikuhitaji uhandisi. Waliandika kila gharama mahali pake, wakajumlisha, wakawaonyesha wenye fedha.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na katibu wa chama pale Igurwa kwa kalamu na rula. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa wamewahi kuona kompyuta.